Kompyuta Mpakato ya Gemu za Kiasi: Uliza Wati Kabla ya Jina

Mchezaji wa kiasi ninayemwandikia hapa ni yule anayefanya kazi au kusoma mchana kutwa kwenye kompyuta yake, kisha jioni akafungua EA Sports FC, GTA V, Counter-Strike 2 au Football Manager kwa saa moja au mbili kabla ya kulala. Hahitaji mashine ya mashindano, wala hana sababu ya kutoa shilingi milioni nane kwa kadi ya grafiki ambayo nusu ya uwezo wake hataigusa. Anachohitaji ni fremu (picha zinazochorwa skrinini) sitini kwa sekunde zisizoyumba, kwenye skrini ya pikseli 1920 kwa 1080, na tena anahitaji mashine iwe bado inazitoa fremu hizo katika mwaka wa tatu, ndani ya chumba chenye joto, katika nchi ambayo vumbi lake jekundu hupenya hata kabati lililofungwa. Kwa mtu huyo, anayenunua hapa Uganda akiwa na kati ya shilingi milioni mbili na nusu na milioni nne na nusu, nimelinganisha familia za mashine zinazoonekana mara kwa mara katika maduka ya Kampala. Hukumu yangu ni kwamba kinachozitenganisha si jina la kadi lililo kwenye stika, bali ni wati ambazo mtengenezaji ameiruhusu kadi hiyo kutumia, pamoja na uwezo wa feni kuliondoa joto la wati hizo.

Jambo hili linastahili kuelezwa kwa utulivu, maana hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Nvidia hutengeneza chipu ya kadi ya grafiki; Lenovo, HP, Acer, ASUS na Dell ndio wanaoamua chipu hiyo ipewe umeme kiasi gani ndani ya mashine yao. RTX 4050 ya kompyuta mpakato, iliyotoka mwaka 2023 ikiwa na kumbukumbu yake yenyewe ya gigabaiti 6, inaweza kuwekewa kikomo cha wati 35 kwenye mashine nyembamba au wati 115 kwenye mashine nene, na wapo watengenezaji wanaoiongezea nyingine juu ya hizo pale prosesa inapokuwa haina kazi nyingi. RTX 3050 nayo huanzia wati 35 hadi 80. Stika inayobandikwa pembeni mwa kibodi ni ile ile kwa zote. Kwa sababu hiyo RTX 4060 iliyobanwa katika mashine nyembamba inaweza kuachwa nyuma na RTX 4050 iliyoachiwa kufanya kazi kwa nafasi, na mnunuzi aliyeongeza shilingi laki nane ili apate tarakimu kubwa zaidi akawa amenunua tarakimu tu.

Kwa bahati nzuri takwimu hiyo haijafichwa. Katika mashine yoyote yenye kadi ya Nvidia iliyowekewa programu zake, bofya kitufe cha kulia cha kipanya kwenye uso wa skrini, fungua Nvidia Control Panel, kisha ubofye taarifa za mfumo zilizo chini upande wa kushoto. Humo utakuta mstari unaotaja nguvu ya juu kabisa ya kadi kwa wati. Ni kazi ya dakika moja mbele ya muuzaji, na muuzaji anayeijua biashara yake hatakukatalia. Kama mashine bado iko kwenye sanduku lililofungwa, andika namba kamili ya modeli iliyo kwenye lebo ya sanduku, zile herufi na tarakimu ndefu zinazofuata jina la familia, kisha uitafute kwenye ukurasa wa mtengenezaji kabla ya kulipa. Jina la familia peke yake halitoshi, na nitaonyesha hapa chini jinsi familia moja inavyoweza kubeba mashine mbili zisizofanana hata kidogo.

Kitu cha pili cha kutazama kwenye kadi ni ukubwa wa kumbukumbu yake. Gigabaiti 4 zilitosha kwa muda mrefu, na bado zinatosha kwa gemu za mpira wa miguu na nyingi za miaka iliyopita: EA Sports FC 24, kwa mfano, ilitaja GTX 1050 Ti yenye gigabaiti 4 kuwa kiwango cha chini na GTX 1660 kuwa kiwango kinachopendekezwa. Lakini gemu kubwa za ulimwengu wazi za miaka hii hujaza gigabaiti 4 upesi, na kumbukumbu ya kadi ikijaa picha huanza kukwama kwa vipindi hata kama wastani wa fremu unaonekana mzuri. Kwa hiyo kati ya RTX 3050 ya mwaka 2021 yenye gigabaiti 4 na ile iliyofuata mwaka 2023 yenye gigabaiti 6, ningechagua ya pili bila kusita, ingawa njia yake ya kumbukumbu ni nyembamba zaidi, biti 96 badala ya 128. RTX 2050 ndiyo ninayoishauria tahadhari kubwa. Imejengwa kwa chipu ya kizazi kile kile cha 3050, lakini njia yake ya kumbukumbu ni biti 64 tu, na tofauti hiyo huonekana mara moja katika gemu nzito. Ni kadi inayofaa kwa anayecheza mpira na Valorant, mradi bei yake iwe chini kwa kiasi kinacholingana na upungufu huo. Ikiuzwa karibu na bei ya 3050, iache dukani.

Sasa joto. Majaribio mengi ya mashine hizi hufanywa katika vyumba vyenye nyuzi 20 au 22, na matokeo yake huchukuliwa kana kwamba yatafanana popote. Msomaji wa Kabale huenda akayapata, maana mji ule uko juu na ni wa baridi. Msomaji wa Arua au Gulu mwezi wa pili, mchana nyuzi zikiwa zimevuka 30, hatayapata. Kadi na prosesa zina kikomo cha joto; prosesa nyingi za mpakato hujipunguza kasi zinapokaribia nyuzi 95 hadi 100, na kadi za Nvidia hujizuia kabla ya hapo, katikati ya 80. Kila nyuzi moja ya ziada chumbani huisogeza mashine karibu na kikomo hicho, kwa hiyo mashine iliyokuwa na nafasi ndogo ya kupumua tangu kiwandani hushuka kasi mapema zaidi kwetu. Kadi kubwa iliyotiwa kwenye umbo jembamba lenye feni ndogo ni kama lori lililofungwa radieta ya pikipiki: litaondoka kwa kishindo, na kwenye mlima litachemsha.

Ndiyo maana napendelea mashine nene. Uzito wa kilo mbili na robo au zaidi, matundu makubwa nyuma na ubavuni, na nafasi ya kutosha chini kwa feni kuvuta hewa si mapungufu kwa mchezaji wa Uganda, bali ni sehemu ya anachokilipia. Anayepanda teksi kila siku kutoka Mukono hadi kazini mjini atausikia uzito huo begani, na chaja nayo ni mzigo. Naukubali upungufu huo kwa sababu mashine nyembamba yenye kadi ile ile humpa maumivu mengine, ya muda mrefu zaidi na yenye gharama zaidi.

Vumbi ni ndugu wa joto. Kuanzia mwezi wa kumi na mbili hadi wa pili, barabara za murramu zikikauka, vumbi laini hujikusanya kwenye mapezi ya shaba yaliyo mbele ya feni na kuwa blanketi. Mashine inayofaa ni ile ambayo kifuniko chake cha chini hufunguliwa kwa bisibisi ya kawaida ili fundi, au mwenyewe, aisafishe kila baada ya miezi michache. Na wakati wa kupuliza hewa, bawa la feni lizuiwe kwa kijiti lisizunguke, kwa sababu kulizungusha kwa hewa kali huharibu beringi zake. Baada ya miaka miwili au mitatu, kubadilisha mafuta mazito yanayopitisha joto kati ya chipu na shaba huirudishia mashine sehemu kubwa ya kasi yake kwa gharama ndogo. Muulize muuzaji kama kufungua kifuniko kunavunja dhamana, na jibu lake uliandikishe kwenye risiti.

Nikija kwenye mashine zenyewe, ninayoiweka mbele kwa mchezaji wa kiasi ni Lenovo LOQ ya inchi 15, familia iliyoanzishwa mwaka 2023. RTX 4050 katika matoleo yake ya mwanzo imeachiwa zaidi ya wati 90, na hilo peke yake linaitenga na washindani kadhaa wa bei ile ile. Ni nzito, inakaribia kilo mbili na nusu. Chaja yake ni tofali. Hata hivyo, matundu mengi ya nyaya yamewekwa nyuma, ikiwemo tundu la waya wa intaneti, jambo ambalo wapangaji wenye ruta chumbani watalithamini kwa sababu waya hupunguza kuyumba kwa muunganisho. RAM yake (kumbukumbu ya kazi ya mashine nzima, tofauti na ile ya kadi) ni ya aina ya DDR5, na iko kwenye nafasi mbili zinazobadilishika. Tahadhari yangu ni skrini: familia hii iliuzwa na skrini za aina zaidi ya moja, na baadhi zina rangi zilizofifia, kwa hiyo anayehariri picha za harusi mchana athibitishe kwamba ameshika ile yenye wigo kamili wa rangi za sRGB.

ASUS TUF Gaming A15 ndiyo mfano niliouahidi wa jina moja kubeba mashine mbili. Yenye namba inayoanza na FA507 ya mwaka 2023 ina prosesa ya Ryzen 7 7735HS, swichi inayoiruhusu kadi ipeleke picha moja kwa moja kwenye skrini bila kupitia kadi ndogo ya prosesa, na matoleo yake mengi yana betri ya watisaa 90. Yenye namba inayoanza na FA506 ni mwili wa zamani zaidi, mara nyingi ikiwa na RTX 2050 au 3050 ya gigabaiti 4 na betri ya watisaa 48. Zote mbili ni TUF A15, zote mbili zina mwonekano mweusi wa kijeshi, na rafu moja inaweza kuzibeba zikiwa zimesimama bega kwa bega. FA507 ikipatikana kwa bei isiyozidi LOQ kwa zaidi ya laki mbili au tatu, naichukua mbele ya LOQ kwa ajili ya betri hiyo, maana mwanafunzi wa Makerere au Kyambogo anayehudhuria mihadhara mchana kutwa anaihitaji kuliko anavyohitaji fremu tano za ziada. FA506 naiona kuwa ya haki tu ikiwa bei yake ni ya daraja la chini kabisa la bajeti tuliyoanza nayo.

Acer Nitro V 15 ni nyepesi kwa kundi hili, kilo mbili na kidogo, na ina nafasi mbili za RAM na mbili za SSD, yaani hifadhi ya gemu na mafaili. Prosesa yake ya Core i5-13420H ina kori nane na haitamkwamisha mchezaji wa kiasi. Kadi, hata hivyo, hupewa wati chache: RTX 4050 iliyomo imewekewa takriban wati 75, na chaja ni ya wati 135 kwa mashine nzima. Kwa gemu za mpira hutaona tofauti. Kwa gemu nzito utaiona. Kwa hiyo Nitro V naipendekeza kwa yule ambaye uzito wa begi ni suala la kila siku na gemu zake ni nyepesi, lakini simshauri mtu ailipie bei ya LOQ.

HP Victus 15 imesambaa sana nchini, na usambaaji huo ni faida halisi: chaja mbadala, betri na kibodi zake hazimpi fundi taabu kuzipata. Ilitoka mwaka 2022 ikiwa na kadi kuanzia GTX 1650 hadi 3050 Ti, na baadaye 4050. Ina nafasi moja tu ya SSD, kwa hiyo anayetaka kuongeza hifadhi lazima aitoe ya zamani na kuhamisha kila kitu. Skrini yake ya msingi ina mwangaza wa niti 250, na mwangaza huo hautoshi kwa mtu anayefanya kazi barazani au karibu na dirisha lisilo na pazia mchana. Victus yenye RTX 3050 na prosesa ya Intel ya kizazi cha 12, ikiwa chini ya milioni tatu, naihesabu kuwa ununuzi wa busara kwa mwenye bajeti ya kati. Dell G15 sitaizungumzia kwa urefu: imejengwa imara, inapoza vizuri, ni nzito kuliko zote nilizozitaja, na tatizo lake kubwa kwetu ni bei inayopangwa kwa kufuata jina.

Kuhusu prosesa, nitasema kifupi kwa sababu katika bajeti hii kadi ndiyo huamua. Tazama herufi ya mwisho kabla ya kutazama kama ni i5 au i7. H au HS humaanisha prosesa iliyojengewa nguvu za kutosha. U humaanisha ile ya kubana umeme, ya kazi za ofisi. Core i5-12450H ina kori nne kubwa na nne ndogo. Core i7-1255U ina kori mbili kubwa na nane ndogo, na kwa gemu ile i5 ndiyo yenye nguvu, japokuwa muuzaji atakuambia kwa dhati kwamba saba ni kubwa kuliko tano.

RAM inahitaji kusisitizwa zaidi kwa sababu ndipo mtengenezaji hubana senti bila mtu kuona. Mashine nyingi za bei hii hufika na kijiti kimoja cha gigabaiti 8. Windows 11 peke yake hula sehemu kubwa ya hizo, kivinjari hula nyingine, na gemu hubakiwa na makombo. Tena kijiti kimoja kina maana kwamba prosesa inasoma kumbukumbu kwa njia moja badala ya mbili. Kuongeza kijiti cha pili kinachofanana na cha kwanza, ili ziwe 16, ni uboreshaji unaorudisha faida kubwa kuliko wowote kwa fedha zinazotumika, na huondoa kukwama-kwama ambako wengi hudhani ni udhaifu wa kadi. Nunua kijiti hicho siku ile ile, kifungwe dukani mbele yako, na mashine iwashwe kuthibitisha kwamba gigabaiti 16 zinasomeka. Angalia pia aina: Victus za kizazi cha 12 hutumia DDR4, LOQ na Nitro V hutumia DDR5, na kijiti cha aina moja hakiingii kwenye nafasi ya nyingine.

Hifadhi ya gigabaiti 512 ndiyo ya chini ninayoikubali. EA Sports FC 24 iliomba nafasi ya gigabaiti 100, Counter-Strike 2 inaomba 85, na Baldur's Gate 3 inaomba 150. Gemu hizo tatu na Windows zikikaa pamoja, nafasi inayobaki kwa kazi za shule ni ndogo. Kwetu jambo hili lina uzito wa ziada kwa sababu kufuta gemu na kuipakua tena baadaye ni gharama. Tangu mwezi wa saba mwaka 2021 bando za intaneti nchini zinatozwa ushuru wa asilimia 12, na gigabaiti 100 kwa data ya simu ni fedha ambazo zingenunua nusu ya SSD mpya. Kwa hiyo nafasi ya pili ya SSD, ambayo LOQ na Nitro V wanayo na Victus hana, naihesabu kuwa sababu halali ya kuongeza laki moja au mbili kwenye bei.

Skrini ya hezi 144, yaani inayoweza kubadilisha picha mara 144 kwa sekunde, ni nzuri na siku hizi ni ya kawaida, lakini mchezaji wa fremu sitini asiilipie ziada kubwa. Anayevutiwa na skrini ya pikseli 2560 kwa 1600 ajue kwamba pikseli zake ni karibu mara mbili ya zile za 1920 kwa 1080, na kadi ya RTX 4050 italazimika kuzichora zote. Wengi wetu, kwa kweli, hucheza mpira wawili wawili kwenye televisheni ya sebuleni. Kwao tundu la HDMI na matundu mawili ya USB kwa ajili ya padi yana umuhimu kuliko hezi za skrini.

Umeme una mambo yake. Mashine za namna hii zikichezea gemu hula takriban wati 150 ukutani, yaani kwa saa mbili kila jioni zitatumia uniti tisa hivi kwa mwezi. Si nyingi, lakini kwa mpangaji wa chumba kimoja anayenunua Yaka (umeme wa kulipia kabla) kidogo kidogo na kutegemea zile uniti 15 za mwanzo za bei nafuu, zitaonekana. Betri isitegemewe kwa gemu hata iwe ya watisaa 90, kwa sababu ikichomolewa ukutani mashine hupunguza nguvu za kadi kwa makusudi, na fremu hushuka mara moja. Anayetumia sola ahakikishe inveta yake inaweza kubeba wati za chaja bila kulalamika. Chaja ya wati 230 kwenye inveta ya wati 300 ambayo pia inawasha taa, televisheni na ruta ni hesabu isiyokaa sawa. Kuanzia tarehe 1 Aprili 2025 usambazaji wa umeme uko chini ya UEDCL, kampuni ya serikali, baada ya mkataba wa kampuni iliyoitwa Umeme kumalizika, lakini tabia ya umeme kukatika na kurudi kwa kishindo haijaondoka, na kinga ya soketi yenye ubora ni sehemu ya bei ya mashine.

Mashine zilizotoka Marekani huja na waya wenye pini bapa. Chaja yenyewe hupokea volti 100 hadi 240, kwa hiyo hakuna haja ya transfoma; wala usitumie adapta ya bei rahisi isiyo na pini ya tatu, kwa sababu hulegea na kupata moto. Waya unaotoka ukutani hadi kwenye tofali la chaja huchomoka. Nunua mwingine wenye pini tatu za mraba, unaolingana na tundu la tofali, na tatizo litakuwa limekwisha.

Soko la mashine zilizotumika ni pana, na lina vitu vizuri kwa anayejua anachokitafuta. Kompyuta za kampuni kutoka Ulaya na Marekani, kama ThinkPad za mfululizo wa P, Dell Precision na HP ZBook, hufika zikiwa na kadi za Quadro, kadi za Nvidia za kazi za kitaalamu, ambazo watu wengi hawazitambui kuwa za gemu. Quadro T2000 imejengwa kwa chipu ile ile ya GTX 1650, na mashine inayoibeba kwa kawaida ina umbo imara na feni za kutosha. Hiyo naipenda kuliko mashine ya gemu iliyotumika, kwa sababu mashine ya gemu mara nyingi imechezeshwa kwa miaka ikiwa moto, na bawaba, feni na betri zake zimechoka pamoja.

Kipo hata hivyo kigezo kimoja ambacho sasa hakina mjadala. Microsoft ilisitisha huduma za kawaida za Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 au zaidi, au, kwa mpakato zenye prosesa ya AMD, Ryzen ya mfululizo wa 3000 kwenda juu, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Valorant ikiwa kwenye Windows 11 hukataa kufunguka bila chipu hiyo na bila kuwashwa kwa uwashaji salama (Secure Boot). Kwa hiyo mashine ya kizazi cha 6 au 7, hata ikiwa na kadi nzuri, nisingemshauri mtu aitolee fedha leo. Kabla ya kulipia iliyotumika, fungua dirisha la amri na uandike powercfg /batteryreport ili uone betri imebakiwa na kiasi gani cha uwezo wake wa kiwandani. Kisha iache mashine ichezeshe kitu kizito kwa dakika ishirini huku umeweka kiganja karibu na matundu ya hewa. Hewa ya moto ikitoka kwa nguvu, feni inafanya kazi yake. Uso wa kibodi ukichoma na matundu yakatoa pumzi hafifu, ndani kumeziba au feni imechoka.

Dhamana isomwe kabla ya fedha kutoka mfukoni. Mashine nyingi hupita Dubai, na dhamana ya mtengenezaji inaweza kuwa ya eneo lile pekee; inayobaki hapa ni ahadi ya duka. Ahadi hiyo iandikwe kwenye risiti ikiwa na namba ya mashine, muda wake, na maelezo kama inahusu feni, betri na chaja au ubao mkuu peke yake. Kwa anayenunua akedi za katikati ya Kampala kisha akarudi Arua, karibu kilomita 500, swali la nani atalipia kusafirisha mashine ikiharibika liulizwe wakati uso wa muuzaji bado una tabasamu. Kwa sababu hiyo hiyo, anayeishi mbali na Kampala simlaumu akichagua Victus mbele ya LOQ: fundi wa mji wake anaifahamu.

Na kwa mwenye milioni mbili au chini ya hapo, ambaye mashine yenye kadi ya Nvidia itakuwa imechoka au ya udanganyifu, njia safi zaidi ni prosesa ya AMD yenye grafiki za ndani zenye nguvu. Radeon 680M, inayopatikana ndani ya Ryzen 7 6800U na 6800H, na 780M iliyomo ndani ya Ryzen 7 7840U, huendesha gemu za mpira, Counter-Strike 2 na GTA V kwa mipangilio ya chini au ya kati bila kadi nyingine, na hutumia umeme kidogo. Mtego wake ni namba: Ryzen 5 7520U ina jina la mwaka 2023 na inaonekana mpya kuliko 6800U, lakini hubeba Radeon 610M yenye vitengo viwili tu vya kukokotoa, ilhali 680M ina kumi na viwili. Katika mashine hizi grafiki huazima RAM ya kawaida, ambayo mara nyingi imechomelewa kwenye ubao na haiwezi kuongezwa baadaye. Kwa hiyo ichukuliwe ya gigabaiti 16 tangu siku ya kwanza, na ya gigabaiti 8 irudishwe kwenye rafu hata muuzaji akipunguza bei.